Kilo ya Maua

Nina bucha pale Siakago. Nimesimama nyuma ya mizani yangu miaka ishirini na mitatu, na kama kuna kitu kimoja duniani ambacho ningekula kiapo juu yake bila kufikiri mara mbili, ni kilo. Watu wa vipimo huja kila mwaka, huipiga mizani yangu muhuri, na hawajawahi kunikuta na kosa. Kwa hiyo nikisema kwamba karibu nimharibie binti wa watu kazi kwa sababu ya kilo, ujue si rahisi kwangu kulisema.

Binti mwenyewe ni Igoki. Namwita binti kwa mazoea tu, maana ana miaka thelathini na minne na hapendi kuchezewa. Alizaliwa upande wa chini, kule ambako mvua ikinyesha vizuri mara mbili kwa msimu watu hushukuru kanisani. Mama yake ana mbuzi, ndengu na ekari moja ya muguka, majani ya kutafuna kama miraa, na ni huo muguka uliomsomesha hadi kidato cha nne. Baada ya hapo alifanya kazi kwenye saiba ya hapa mjini, kuwapigia watu barua na kuwajazia fomu za serikali za mtandaoni. Alikaa huko miaka tisa.

Saiba ndiko nilikomjua. Siku moja nilikuwa kwenye foleni, mbele yangu mzee mmoja aliyeandikishwa kwamba alizaliwa tarehe thelathini na moja mwezi wa Juni. Igoki alikataa kuituma ile fomu. Akamwambia, "Mzee, Juni haina thelathini na moja." Mzee akamjibu kwamba ameishi na hiyo tarehe miaka sitini na haijawahi kumsumbua. Foleni ilikuwa imefika barabarani na watu walimsema Igoki vibaya, mimi nikiwa wa kwanza. Hakututazama hata. Alimwandikia yule mzee barua ya kupeleka kwa ofisi ya vitambulisho, akamwelekeza mlango, ndipo akasema, "Anayefuata." Huyo ndiye Igoki. Anasoma kitu mpaka mwisho, hata kama mwisho wenyewe unaudhi.

Simu zilipoingia kila mfuko, saiba ilifungwa. Igoki alijifunza kazi ya kompyuta peke yake, kwanza kwenye simu, kisha kwenye laptop kuukuu ambayo ilikuwa ikipiga kelele kuliko friza yangu. Kampuni moja ndogo ya Embu mjini ikamchukua awe mjaribu wa programu. Alihitaji mahali penye umeme usiokatika na mtandao wenye nguvu, na bucha yangu ina vyote viwili, kwa hiyo nilimpa chumba cha nyuma kilichokuwa cha mkaa.

Kazi yenyewe ilinichukua wiki mbili kuielewa, kwa hiyo wewe nitakueleza polepole. Kule Maua kuna chama cha wafanyabiashara wa miraa. Walitaka programu ya kupanga mizigo: nani ameleta kiasi gani, pikapu ipi imejaa, ipi iondoke. Vijana wa Embu ndio waliokuwa wakiiandika, mkubwa wao akiwa jamaa anayeitwa Kinyua. Lakini watu wa Maua walisema hawatakubali kitu wasichoweza kukisoma. Basi wakakubaliana kwamba katibu wa chama, mama mmoja jina lake Gatwiri, ataandika kwa Kiswahili cha kawaida, kwenye ukurasa mmoja wa mtandao, kila jambo ambalo programu inatakiwa kufanya. Sentensi zake zilikuwa na mtindo mmoja: Ikiwa hali ni hivi, Wakati mtu amefanya hivi, Basi itokee hivi.

Igoki hakuandika hata sentensi moja kati ya hizo. Aliipa kompyuta yake anwani ya ule ukurasa, basi. Akibonyeza, kompyuta inaenda mpaka huko kwenye ukurasa wa Gatwiri, inasoma sentensi jinsi zilivyo dakika hiyo, na inaifanyisha programu mtihani kwa sentensi zilezile. Programu ikitii, mstari unakuwa kijani. Ikikosea, unakuwa mwekundu. Gatwiri akibadilisha neno saa tatu, Igoki akijaribu saa tatu na dakika tano analikuta.

"Kwa hivyo wewe unapima," nilimwambia siku nilipoelewa.

"Napima tu, Baba Ruguru. Kama wewe."

Hilo lilinifurahisha sana, nikaanza kujiona mwenzake kazini. Hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Sasa, kazi ya Igoki ilikuwa majaribio, na yeye mwenyewe alikuwa kwa majaribio. Miezi mitatu. Ikiisha, Kinyua angemwandika rasmi, au angemshukuru na kumwambia kwaheri, naye arudi kwa mama yake kuchuma muguka. Hakuwa na mlango wa tatu, na kila mtu aliyenunua nyama kwangu alijua hivyo, maana mimi siwezi kukaa na habari.

Jumatatu ya wiki ya kumi na mbili, Igoki alitoka chumba cha nyuma saa nne asubuhi akiwa amekunja uso. Ijumaa ya wiki hiyohiyo programu ilikuwa ioneshwe kamati ya Maua. Mwisho wa wiki Gatwiri alikuwa ameongeza sentensi kumi na moja, na zote kumi na moja zilikuwa nyekundu. Alinisomea mojawapo:

Ikiwa pikapu ya Mwongera iko wazi,
Wakati kilo elfu mbili zimepakiwa,
Basi ipewe ruhusa ya kuondoka.

Programu ilikataa kuipa ruhusa. Ilikuwa imefundishwa kwamba pikapu inabeba tani moja, na tani moja ni kilo elfu moja. Igoki akampigia Gatwiri simu hapo hapo mbele ya mizani, sauti ikiwa wazi ili na mimi nisikie.

"Madam Gatwiri, habari ya asubuhi. Hizi kilo elfu mbili za Mwongera, ulikuwa unamaanisha elfu moja?"

"Zii. Elfu mbili. Hiyo ndio load yake ya kila siku."

"Kwa pikapu moja?"

"Kwani ako na ngapi?"

"Madam, hiyo gari si itavunjika?"

"Haijavunjika tangu nimjue. Igoki, kilo ni kilo. Wewe pima vile nimeandika."

"Mwambie hata huku kilo ni kilo," nikasema kutoka nyuma, nikiwa na kisu mkononi. Gatwiri akasikia, akauliza huyo mzee ni nani, na mazungumzo yakaharibika. Sote watatu tulikuwa tukisema neno moja, na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Usimlaumu Igoki. Sisi watu wa Mbeere tuna muguka, na muguka ni majani, na majani huwekwa kwenye mizani. Amepima muguka wa mama yake tangu kabla hajaanza shule. Kilo yake ni ya chuma kama yangu.

Akampigia Kinyua. Kinyua si mtu mbaya, ila ni mtu wa haraka. "Client amejichanganya," alisema. "Usisome kutoka kwa hiyo link tena. Download page, rekebisha hizo figures kwa copy yako, test na hiyo. Friday nataka green tupu."

Igoki alikaa na maneno hayo mpaka chai yake ikapoa. Kisha akaniuliza, "Baba Ruguru, wewe unaonaje?"

Ningekuwa na akili ningemwambia mimi ni mtu wa nyama. Badala yake nikachukua jiwe langu la kilo moja, nikalipiga kwenye kaunta, nikamwambia, "Hii ni kilo. Huyo mama hajui hesabu. Rekebisha." Natamani jino lingekuwa limeniuma siku hiyo nisiweze kufungua mdomo.

Akarekebisha. Alichukua nakala, akapunguza namba za Gatwiri mpaka zikaingia kwenye tani moja, akajaribu. Kijani arubaini juu ya arubaini. Alituma ripoti, na Kinyua akajibu kwamba barua yake ya kazi ataipata Ijumaa hiyohiyo baada ya mkutano. Nilimkatia maini, tukala pamoja, na nikajisifu kwa ushauri wangu mpaka maini yakaisha.

Jumatano, kabla ya saa sita, gari la vifurushi lilisimama mbele ya bucha na dereva akaniachia mzigo mdogo wa miraa uliofungwa kwa majani ya mgomba. Juu yake kulikuwa na karatasi: Kwa Igoki. Kilo moja, ujionee. Gatwiri.

"Wameru wakileta miraa nyumbani kwa watu ni habari ya posa," nikamwambia Igoki. "Nimwite mama yako?"

"Pima kwanza," akasema.

Nikaweka ule mzigo kwenye sinia. Mshale ukapanda, ukafika gramu mia nne, ukatulia. Nikautoa, nikaweka jiwe langu la kilo moja. Mshale ukaenda kwenye kilo moja sawasawa. Nikarudisha mzigo. Mia nne. Nilianza kumsema Gatwiri maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwamba ni mwizi wa mchana, kwamba kwetu mtu kama huyo angekuwa ndani. Igoki hakuwa akinisikiliza. Alikuwa amefungua majani na kupanga juu ya kaunta vifurushi vidogo vilivyokuwa ndani, kimoja kimoja. Kisha akapiga simu.

"Madam, kilo yako imefika. Iko na gramu mia nne."

"Sasa gramu zimetoka wapi?" Gatwiri aliuliza, na nilisikia anashangaa kweli. "Hesabu surba. Hizo ndogo ndogo. Ziko ngapi?"

"Kumi."

"Basi hiyo ni kilo. Surba kumi ni kilo, kilo kumi ni bunda. Hakuna mtu huku anapima miraa na mizani, mwari. Tunahesabu. Hata babu yangu alikuwa anahesabu, na hakuwa na mizani."

Nilikaa chini. Nimeishi miaka hamsini na sita, na Maua si Ulaya, unaweza kutoka hapa asubuhi ukawa huko kabla ya chakula cha mchana. Kumbe siku zote hizo kulikuwa na kilo nyingine huko, inatembea na jina la kilo yangu, na inafanya kazi yake vizuri bila kuniuliza. Kilo elfu mbili za Mwongera zilikuwa kama gramu laki nane. Pikapu yake ilikuwa haijafika hata tani.

Igoki alianza kulia, bila kelele. "Nimepima maneno yangu mwenyewe," alisema. "Nikaenda kusema yamepita."

Alinieleza ambacho kingetokea. Programu ingepelekwa Maua ikiwa na kijani chake chote, na asubuhi ya kwanza ingezuia kila pikapu ikiwa nusu. Miraa haingoji. Ikichelewa saa chache inanyauka, na ikinyauka hakuna anayeitaka. Wakulima wa Igembe, upande huo wa Maua, wangeamka na mzigo ulioharibika, na ripoti iliyosema kila kitu kiko sawa ingekuwa na jina la Igoki.

Sasa nitasema jambo ambalo linanitia aibu. Nilimwambia anyamaze. "Ngoja Ijumaa ipite," nikasema, "chukua barua yako, halafu mrekebishe polepole." Sikuwa nikitaka watu wa Maua waumie. Nilitaka aandikwe, basi. Nimempenda kama mtoto wangu, na nilikuwa naona ule muguka wa mama yake unamngoja.

"Na wakiniuliza nilijua lini?" akasema. "Nitawaambia Jumatano?"

Njia ya mwongo ni fupi, hilo kila mtu anajua, ila ukiwa umesimama mwanzoni mwake huonekana ndefu na nzuri.

Alifuta ile nakala. Akairudishia kompyuta anwani ya ukurasa wa Gatwiri, akabonyeza, nasi tukasimama tukitazama mistari ikishuka. Kijani ishirini na tisa, nyekundu kumi na moja. Akamwandikia Kinyua sentensi mbili: Ripoti yangu ya Jumatatu si ya kweli, kwa sababu tulibadilisha maneno ya watu wa Maua. Wao ndio waliokuwa sawa.

Hazikupita dakika kumi kabla Kinyua hajapiga. Hakufoka, na nadhani angefoka ingekuwa nafuu. Alisema, "Igoki, umenimaliza. Friday utasimama wewe ueleze," akakata.

Ijumaa nilifunga bucha, jambo ambalo sijalifanya hata siku ya harusi ya mdogo wangu, nikampeleka Maua kwa gari langu. Nilienda kwa sababu ya hatia, na kidogo kwa sababu nilitaka kuwaona hao watu. Mkutano ulikuwa saa nne asubuhi kwenye ukumbi wa chama. Kulikuwa na watu kama arubaini: wafungaji wa miraa, wenye mashamba, madereva walioegemea ukutani kwa usingizi. Gatwiri alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, na aliponiona tu akauliza, "Wewe ndio mzee wa kilo?" Nikakubali. Ningefanya nini?

Kinyua alifungua mkutano kwa maneno machache, kisha akamwonesha Igoki mahali pa kusimama. Igoki akaweka mistari yake ukutani kwa taa ya projekta, myekundu yote kumi na moja, hakuficha hata mmoja.

"Programu yetu haijui kilo yenu," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba mwanzoni. "Mlituambia, mimi nikafikiria mmekosea, nikabadilisha maneno yenu ndio yapite. Naomba msamaha. Hizi laini nyekundu mnaona ni mahali nyinyi mko sawa na sisi tumekosea."

Kinyua alikuwa akitazama viatu vyake. Kisha mwanaume mmoja mnene mwenye kofia ya sufu akatoka kwa madereva, akaenda mpaka ukutani, akasoma kwa sauti na kwa kidole, neno kwa neno, ile sentensi ya pikapu.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Ndiyo, Mzee Mwongera," akasema Gatwiri.

"Na hii red si yangu?"

"Si yako," akasema Igoki. "Ni yetu."

Mwongera aliisoma tena. Kisha akageukia wenzake. "Nimeenda maofisi miaka thelathini," alisema. "Kila mahali ni mimi niko na makosa. Hii ni ya kwanza naona imeandikwa mimi niko sawa." Akarudi kuketi, na nikaona anafuta macho kwa ile kofia, ingawa baadaye alisema ni usingizi.

Baada ya hapo walibishana saa nzima kwa Kimeru kama surba ya kiangazi ni sawa na surba ya mvua, mpaka Gatwiri akawanyamazisha. Waliipa kampuni wiki tatu kurekebisha. Kuhusu barua ya Igoki hakuna aliyetaja. Kinyua aliingia gari lake na kuondoka bila kumuaga.

Majaribio yake yaliisha Ijumaa iliyofuata. Hakuna aliyemwambia aende, wala hakuna aliyemwambia akae. Mama yake alipiga simu kuuliza, na Igoki akamwambia bado ana kazi ya kumaliza, jambo ambalo lilikuwa kweli. Aliendelea kuja saa mbili kila asubuhi. Vijana wa Embu walikuwa wakiifundisha programu kuhesabu badala ya kupima, na kila siku Igoki alinipigia kelele namba ya nyekundu zilizobaki kutoka chumba cha nyuma: saba, saba tena, tano, mbili. Wateja wakazoea. Kuna mama mmoja alikuwa akija kununua robo kilo ili tu asikie imefika ngapi.

Alhamisi ya wiki ya tatu hakupiga kelele. Aliniita kwa sauti ya chini.

"Baba Ruguru, hebu kuja uone."

Mistari arubaini, yote kijani. Lakini chini kabisa kulikuwa na mmoja zaidi, wa manjano, rangi ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwenye kioo chake. Nikamuuliza hiyo ni ugonjwa gani.

"Ni maneno mapya. Programu haiyajui, hakuna mtu ameifundisha. Madam Gatwiri ameyaweka leo asubuhi." Hakuwa akinitazama. "Soma wewe. Mimi nimesoma mara tatu na siamini macho yangu."

Nikavaa miwani nikasoma:

Ikiwa Igoki anafanya kazi bila barua,
Wakati kamati ya Maua imeketi na Kinyua,
Basi aandikwe, ama hatutaki programu.

Alimpigia Kinyua, na safari hii pia aliacha sauti wazi. Kinyua alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshindwa na anayeona ni afadhali. Alisema barua ameshaichapisha na kuitia sahihi, aende Embu kesho aichukue. "Lakini ambia Gatwiri atoe hiyo kitu," akaongeza. "Ama toa wewe. Inaniharibia report, nataka green yote."

"Siwezi, boss," akasema Igoki. "Hiyo page si yangu kubadilisha."

Akakata simu, akaweka kichwa juu ya meza, akalia kwa sauti mpaka wateja wakaja mlangoni, nami nikawaambia wamwache alie.